Somo Lipite Njia ya Wimbo

Pale Nyawera, Bukavu, mashariki mwa Congo, hatua chache kutoka barabara kuu, kuna kijana anayejaza nyimbo kwenye simu za watu. Ana mwavuli uliochakaa, meza moja, kompyuta ambayo kibodi yake imepoteza herufi tatu, na betri ya gari chini ya meza kwa ajili ya saa za delestaji, yaani za umeme kukatwa kwa zamu, ambazo kwetu si chache. Unampa kadi ya memori, unamwambia unataka nini, anakujazia. Rumba, kwaya, vichekesho, mahubiri, filamu za Kikorea ambazo msimulizi wa Dar es Salaam amezisimulia kwa Kiswahili. Huhitaji intaneti. Huhitaji hata simu ya gharama. Kisimu cha vitufe chenye tundu la kadi kinatosha.

Mwaka jana nilimuuliza: nikikuletea masomo ya hesabu, utayaweka pamoja na hizo kwaya? Akacheka. "Muzee, ile masomo nani atauza?"

Msomaji wa Tanga au Mombasa atadhani kijana alikuwa anatafuta mchuuzi. Hapana. Kwetu kuuza ni kununua. Anayetoa bidhaa ndiye anayeuzisha. Kijana aliuliza nani atanunua. Nalisema hili mapema kwa sababu nitalirudia, na litakaporudi halitakuwa mzaha wa lahaja.

Swali lake lilinikaa kichwani kuliko semina zote nilizohudhuria. Katika semina hizo tunajadili chombo: tuchukue tablet, kompyuta, au ile skrini kubwa ya ukutani? Kijana wa Nyawera hajadili chombo. Yeye anajua njia. Anajua jinsi sauti na picha zinavyotoka Dar, Lagos na Kinshasa hadi mfukoni mwa mbeba mizigo wa soko la Kadutu bila mfadhili, bila mradi, bila warsha ya uzinduzi. Wimbo unafika. Filamu inafika. Somo halifiki. Na kila likija linaletwa kwa njia nyingine, ya lami, yenye vizuizi, ambayo hufungwa siku mradi unapokwisha.

Tuanze na ndoto kubwa kuliko zote. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza kompyuta ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Novemba mwaka huo, mjini Tunis, aliionyesha akiwa na Kofi Annan: kompyuta ya kijani, pembeni ina kishikio cha kuzungusha kwa mkono ili mtoto ajizalishie umeme mwenyewe. Kishikio kile hakikuwamo katika kompyuta zilizotoka kiwandani, na dola 100 zikakaribia 200. Peru ilinunua zaidi ya 800,000. Mwaka 2012 watafiti wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika wakatoa matokeo kutoka shule 319 za msingi, nyingi zao za vijijini. Watoto walizitumia kompyuta kweli. Alama zao za hesabu na lugha zikabaki sawa na za wenzao ambao hawakupewa.

Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, nao walizipokea, zaidi ya 200,000. Upande wetu wa daraja tuliona wivu, nakiri. Baadaye Kigali yenyewe ikageukia vyumba vya kompyuta vya pamoja shuleni, na wivu wetu ukatafuta kitu kingine.

Mimi nimefundisha hesabu katika sekondari za mji huu kwa miaka kumi na tisa. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, tulipokea sanduku la tablet arobaini. Picha zilipigwa, fanta zikanywewa. Ndani mlikuwa na masomo ya Kifaransa kizuri sana, yaliyofundishwa na mwalimu wa Ulaya ambaye mifano yake ya namba hasi ilikuwa baridi ya theluji. Kuchaji tablet arobaini kulihitaji jenereta, jenereta ilihitaji petroli, na petroli haikuwa katika bajeti ya mtu yeyote. Muhula wa pili ziliingia katika kabati la chuma ofisini kwa direkta. Kisha direkta akahamishwa, na ufunguo ukahama naye.

Ni rahisi kucheka. Lakini mtu asiseme kwamba mashine hazifundishi, maana si kweli. Kule Delhi, programu ya hesabu na Kihindi iliyofanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2019 iliwasogeza watoto mbele sana kwa miezi minne na nusu tu. Wengi wa watoto hao walikuwa darasani kwa jina huku elimu yao ikiwa nyuma miaka miwili au zaidi. Mashine ilimkuta kila mmoja pale alipo, ikampa swali la kiwango chake, kwa lugha anayoizungumza nyumbani, ndani ya kituo chenye umeme na mwalimu wa kuwasaidia katika vikundi vidogo. Ondoa kituo, ondoa umeme, ondoa mwalimu, ondoa lugha, kisha tuone kinachobaki. Kwetu kinachobaki ni kabati.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia na elimu inasema asilimia 40 tu ya shule za msingi duniani zimeunganishwa na intaneti. Ripoti hiyohiyo inasema huko Uingereza, ni asilimia 7 tu ya kampuni za teknolojia ya elimu zilizokuwa zimepima bidhaa zao kwa majaribio yanayolinganisha waliotumia na wasiotumia. Soma tena hiyo ya pili. Wenye maabara na pesa hawapimi, halafu sisi wa Bukavu tunaambiwa tupokee kwa mikono miwili.

Wazee wanakumbuka zama za televisheni. Côte d'Ivoire, nchi ya Kifaransa kama yetu, ilianza mwaka 1971 kufundisha shule za msingi kwa televisheni. Masomo yalitengenezwa Bouaké, kwa Kifaransa, yakarushwa nchi nzima. Vijijini kusikokuwa na umeme, televisheni ziliendeshwa kwa betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango ukaachwa. Gharama zililemea, na walimu hawakupenda kugeuzwa wasaidizi wa kisanduku. Mexico ilianza yake mwaka 1968 kwa ajili ya sekondari za vijijini, na ipo mpaka leo. Huko kipindi cha televisheni kilikuwa kifupi, kisha muda uliobaki ulikuwa wa mwalimu na kitabu. Kisanduku kilimpisha mwalimu. Nadhani hapo ndipo njia mbili zilipoachana, ingawa pesa nazo zina maneno yao.

Kwa darasa letu, hata hivyo, mfano ninaoupenda ni wa redio, tena redio ya zamani. Mwaka 1974 Nikaragua, watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kufundisha hesabu kwa redio kwa namna ambayo haikuwa hotuba. Redio inauliza: saba na tano ni ngapi? Inanyamaza. Sekunde tatu, nne. Darasa zima linapiga kelele: kumi na mbili! Redio inasema: kumi na mbili, vizuri. Mtoto anahisi imemsikia. Mwalimu amesimama pembeni, anaonyesha kwa kidole, anaandika ubaoni, na huku anafundisha naye anafundishwa. Njia hiyo ilifika Kenya miaka ya 1980 kwa masomo ya Kiingereza, ikafika Zambia mwaka 2000 kwa watoto wasio na shule, wakiongozwa na jirani yeyote anayejua kusoma. Congo pia iliijaribu kuanzia mwaka 2009, kwa pesa za Marekani, katika majimbo ya magharibi na kaskazini, si huku Kivu.

Siri yake ni ule ukimya. Nitaurudia nao.

Kasoro ya redio ni kwamba ni mto. Ukichelewa, maji yamepita. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Radio Okapi ilianza kurusha masomo, na lilikuwa jambo jema. Nyumbani kwangu nilitafuta mawimbi huku nikizungusha antena, nikamwita mwanangu aliyekuwa ameenda kuchota maji, na alipoketi na daftari tulisikia sauti ikisema: kwaherini, tukutane kesho. Nani wa kumwambia redio arudie?

Hapa ndipo kijana wa Nyawera anaingia. Nenda Kadutu, uliza bei ya redio ndogo za Kichina: zina tochi upande mmoja, kipande cha paneli ya jua mgongoni, na pembeni matundu mawili, moja la flashi, jingine la kadi. Akina mama wanazibeba hadi sokoni wakisikiliza mahubiri. Wapanda moto, yaani waendesha pikipiki, wanazifunga kwenye usukani. Chombo hiki hakikutajwa katika semina yoyote niliyokaa, na bado kimeshaingia nyumba nyingi za mji huu na vijiji vya Kabare na Walungu, kimenunuliwa na wenyewe kwa pesa zao. Weka ndani yake somo la mtindo wa Nikaragua na ile kasoro ya mto inakwisha, kwa sababu mwalimu ana kitufe. Anasimamisha. Anarudisha nyuma. Anasikiliza usiku nyumbani kabla ya kufundisha asubuhi, na hakuna inspekta anayemwona akijifunza kile anachopaswa kuwa anakijua.

Wapo watakaosema ni kurudi nyuma: wenzetu wako kwenye akili bandia, sisi tunasifia kiredio. Nawaomba watazame mto wenyewe. Ruzizi ina mitambo miwili ya umeme mlangoni petu, wa kwanza tangu mwaka 1958, wa pili tangu 1989, ikigawiwa nchi tatu, na bado mtoto wa Cimpunda anafanya mazoezi kwa tochi ya simu. Intaneti nayo: baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 ilizimwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Februari 2025 mji wetu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga milango, na huduma yoyote ya kulipiwa kupitia benki ikawa hadithi ya nchi nyingine. Somo linaloishi kwenye kompyuta ya mbali linahitaji umeme, mtandao, pesa na amani siku moja, kwa saa ileile. Kadi ya memori inahitaji mfuko.

Na serikali? Kuanzia mwaka 2020 ilitutoza kodi ya simu, ile RAM, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye intaneti, ikikatwa kwenye vocha za watu, mpaka kelele za wananchi zikaiangusha mwaka 2022. Simu ilionekana kama ng'ombe wa kukamuliwa. Kuna jambo jingine dogo linalonisumbua zaidi. Matokeo ya mtihani wa serikali, kila mzazi wa Congo anajua, huja kwa ujumbe wa simu: unatuma namba ya mwanafunzi, unakatwa vocha, asilimia inakuja, poda inamwagwa vichwani, watu wanacheza barabarani. Kwa hiyo mtambo upo. Una uwezo wa kumfikia mzazi wa Shabunda kwa kisimu cha vitufe. Tunautumia kumwambia mtoto amepata ngapi. Kumfundisha ili apate, tunasema teknolojia haijafika.

Botswana walijaribu kuutumia upande huo mwingine. Korona ilipofunga shule, watafiti walichukua familia zaidi ya 4,000 na kuzigawa: baadhi walipata ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki, baadhi walipata ujumbe pamoja na mwalimu kuwapigia simu kwa dakika 15 hadi 20, wengine hawakupata kitu. Ujumbe peke yake haukusaidia sana. Ujumbe na sauti ya mtu ulisaidia, na mzazi alikuwa pale akisikiliza. Kisimu cha vitufe kikafanya ambacho kompyuta za Peru hazikufanya, kwa sababu upande wa pili wa waya palikuwa na mtu.

Sasa niirudie ile kuuza.

Mpwa wangu wa miaka tisa alipewa programu ya hesabu ya Kiswahili iliyotengenezwa Afrika Mashariki. Nilifurahi: hatimaye Kiswahili! Swali likaja: Juma alikuwa na maembe 12. Akauza 5. Sasa ana maembe mangapi? Mpwa wangu akaandika 17. Skrini ikawa nyekundu. Akajaribu tena, 17. Nyekundu. Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. Na alikuwa ameibiwa! Katika Kiswahili chake Juma alikwenda sokoni, akauza maembe matano kwa mama mwenye meza, akarudi nayo nyumbani. Kumi na mbili na matano ni kumi na saba. Mtoto alijua kusoma, alijua kujumlisha, alielewa hadithi. Mashine ikamwambia hajui hesabu.

Mtu atasema hilo ni neno moja, rekebisha. Ningekubali kama lingekuwa moja. Watoto wetu wanakula bugali, wanapanda moto, wanahesabu sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, kwa mafungu, wanajibu mwalimu kwa pamoja "Oui, maître!", ndiyo mwalimu, hata pale ambapo hakuna aliyeelewa kitu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa katika madarasa ya mwanzo, na Kiswahili ni mojawapo ya zile nne. Lakini Kiswahili kipi? Vitabu na programu zikija kwa Kifaransa, mtoto anapotea waziwazi na mwalimu anaona. Zikija kwa Kiswahili cha mbali, anapotea kimyakimya, na hilo ni baya zaidi. Simchukii msanifu wa Dar. Yule msimulizi wa filamu za Kikorea ni mtu wa Dar, nami namsikiliza. Yeye lakini anayo picha mbele yake; mtu akifa kwenye skrini tunaona amekufa, liwe liwalo neno lake. Somo la hesabu la sauti halina maiti wa kuonyesha.

Kwa hiyo Aprili mwaka jana mimi na jirani yangu, mama mwalimu wa darasa la tatu huko Panzi, tulirekodi somo moja. Tulikaa jikoni kwake usiku, baada ya watoto kulala, na simu yangu juu ya debe. Somo la sehemu: nusu, robo, theluthi. Badala ya pizza, ambayo kila programu duniani inaikata vipande, tulichukua fungu la sambaza linalogawiwa ndugu wanne. Kiswahili kilikuwa cha Bukavu, cha nyumbani. Kila neno la hesabu lilipofika tulilitaja kwa Kiswahili kisha mara tatu kwa Kifaransa, kwa sababu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi utamngoja mtoto kwa Kifaransa na hautampa sambaza.

Rekodi ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilizungumza dakika kumi na mbili bila kupumua, kama mhubiri aliyelipia muda wa hewa. Mama mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Papa, batoto batajibu wapi?" Watajibu wapi. Tukarudia, safari hii tukihesabu kimya hadi nne baada ya kila swali. Niamini, kunyamaza sekunde nne mbele ya kinasa sauti ni kazi ngumu kuliko kufundisha aljebra. Unahisi umekosea. Mkono unataka kujaza. Na pengine hiyo ndiyo kasoro ya masomo mengi ya video niliyoyaona maishani: waliyatengeneza watu waliougopa ukimya, wakaujaza muziki na rangi, na mtoto hakubakiziwa nafasi.

Darasani kwake walikuwa sitini na wanane. Tangu shule ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yamefura kuliko madawati, na sitini na wanane ni idadi ya kawaida. Kiredio kikawekwa juu ya meza. Kiliposema "bugali" wakacheka wote; mama mwalimu akakisimamisha, akangoja wacheke waishe, akabonyeza tena. Kwenye theluthi walichanganyikiwa. Akarudisha nyuma mara mbili, mara ya tatu akakizima kabisa, akaita watoto watatu mbele, akawagawia chaki. Kisha akakiwasha. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti kwenye kidevu, nikaona jambo ambalo sikuliona kwa zile tablet arobaini: chombo kilikuwa kinamtii mtu.

Darasa moja si utafiti, nami sitajidai. Sijapima kitu. Nasema nilichokiona, na kinafanana na kile walichokiona Nikaragua na Zambia kiasi cha kunipa ujasiri wa kuandika.

Vizingiti vipo. Kadi inayonakiliwa bure haina mwenyewe. Leo nitaweka somo zuri, kesho mtu ataweka lake lenye makosa, na mnunuzi hatajua tofauti. Dawa ninayoiona ni ya kizamani: sauti inayojulikana. Watu wa mji huu wamezoea kumtambua mtangazaji kwa koo lake. Radio Maendeleo ilianza mwaka 1993 na hakuna anayeuliza kama ni yenyewe. Somo lipite kwanza hewani kwa sauti hiyo, kisha kwenye kadi. Kuhusu wasichana, sina jibu zuri. Simu ya nyumba ni ya baba, kisha ya kaka, na binti anaipata ikiwa imekwisha chaji. Ndiyo maana naipendelea redio ya darasani kuliko simu ya mtu, lakini binti aliyeacha shule haimfikii hivyo pia.

Na nani atatengeneza? Kila mwaka wanafunzi wa ualimu wa ISP Bukavu wanaandika kazi za mwisho wa masomo, zinapigwa chapa, zinatetewa mbele ya jopo, zinapangwa rafuni. Kama kila mmoja angedaiwa pia somo moja la dakika kumi na mbili, lenye ukimya ndani yake, lililojaribiwa katika darasa halisi la Bagira au Kadutu, ndani ya miaka mitatu tungekuwa na masomo ya shule ya msingi nzima. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji profesa akubali kusikiliza badala ya kusoma. Malipo ya mwalimu ni habari nyingine, ndefu, na nikiianza leo hatutatoka; niseme tu kwamba mtu anayedai mshahara wa miezi hatajifunza kifaa kipya kwa sababu kinang'aa.

Nilirudi Nyawera na somo letu kwenye flashi. Kijana hakutaka pesa yangu. Alisema atalipachika ndani ya folda ya kwaya, kati ya wimbo wa tisa na wa kumi, aone.

Nilipita tena baada ya wiki tatu. Wateja wawili, aliniambia, walirudi kulalamika kwamba katikati ya ibada mtu alianza kuwauliza robo ya sambaza, walimfuta. Mbeba mizigo mmoja aliliacha, anasema linamchekesha. Na kuna mama muuza mkaa ambaye amekuja mara mbili kuulizia linalofuata, lile la asilimia tulilolitaja mwishoni, kwa sababu mtoto wake amelimaliza na yeye mwenyewe anataka kujua wanaomkopesha pesa wanapiga vipi riba.

"Muzee," kijana akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, "ile ya pili iko wapi?"

Bado hatujairekodi. Panzi haijapata umeme tangu Jumanne, na simu ya mama mwalimu iko kwa mtoza faranga mia tano wa kuchaji.